Mjane wa Redioni

Sehemu ya Saba

Wale mliolala na wasiwasi wiki nzima mkijiuliza kama Karani aliiwahi ile redio, rudini garini upesi. Hakuiwahi.

Mkono wake ulikuwa bado hewani, kati ya kiti cha nyuma na kiti cha dereva, na redio ya gari la kutazamia wanyama ilikuwa imeshaanza kusema.

"Mume wangu," ilisoma sauti ya mtangazaji, laini kama losheni, "alikuwa mchoraji wa..."

Kando ya Karani, dada yake mkubwa, yule ambaye hospitali nzima wanamwita Mama Povu kwa sababu ya miaka yake ishirini kwenye chumba cha kufulia, alishusha darubini taratibu.

"Heh! Sikia huyo," alisema. "Naye mumewe alikuwa mchoraji kama wangu."

Karani aliurudisha mkono wake mapajani.

Kwa aliyepanda gari letu leo, mambo ni haya. Redio moja ya mjini ilitangaza shindano: andika barua kuhusu safari ambayo hukuwahi kuifanya. Mshindi atapelekwa mapumziko ya siku tano, yeye na mwenzake, mbugani na kwenye hoteli ya ufukweni. Mama Povu aliandika ya kwake kwa mkono, karatasi mbili, juu ya marehemu mumewe. Akampa mdogo wake, karani wa masjala, amchapie kazini saa ya chakula cha mchana. Karani akachapa. Akalia. Akafika chini, kwenye mstari wa jina, na vidole vikaandika jina lake mwenyewe. Alijiambia atalifuta. Hakulifuta.

Barua ikashinda.

"Dada, yako haikuchaguliwa," Karani alimwambia. "Lakini na mimi nilituma yangu, ndiyo iliyoshinda. Twende wote."

Leo ilikuwa siku ya nne ya mapumziko, na kwa siku nne Mama Povu hajaacha kumshukuru.

"Ongeza sauti kidogo, baba," Mama Povu alimwambia dereva. "Nimsikie huyo mama mwenzangu."

Dereva akanyoosha kidole kwenye kitufe. Karani akafumba macho.

"Msitikisike!" dereva alinong'ona ghafla, na badala ya kuongeza sauti, akazungusha ufunguo.

Injini ikafa. Redio ikafa nayo.

Vichaka vya mbele viligawanyika, na tembo jike akatoka kama ukuta unaotembea. Nyuma yake akatoka wa pili, na katikati yao mtoto, mkonga haujui uelekee wapi. Walikata njia hatua chache tu kutoka kwenye taa za gari. Hakuna aliyepumua.

Karani alimwangalia dada yake. Watalii wengine hutazama pembe, hutazama masikio. Mama Povu alikuwa ameinama, darubini ameiacha ianguke kifuani, anatazama mguu wa nyuma. Ule mguu tu. Ulipoinuka akainuka nao, ulipokanyaga akashuka nao.

Karani alijua kwa nini. Sentensi ya barua iliyotaja mguu huo alikuwa ameichapa kwa mikono yake.

Tembo walipopotea, Mama Povu alijifuta machozi kwa kiganja, akacheka, akalia tena.

"Mungu akulipe, mdogo wangu," alisema, akaubana mkono wa Karani. "Mungu akulipe sawasawa na ulichonifanyia."

Sijui kama umewahi kuombewa dua ikakuingia kama laana. Karani aliitikia "amina" kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa.

Dereva aliwasha gari. Kabla redio haijapata pumzi, Karani akadakia, "Tafadhali usiiwashe hiyo redio, kichwa kinanigonga!"

"Hamna shida, mama." Dereva alimtazama kwenye kioo kwa huruma. "Na pole sana. Nilisikia habari zako redioni. Kumpoteza mzee si jambo dogo."

"Ahsante, mwanangu," akajibu Mama Povu, maana aliamini pole hiyo ni yake. "Miaka mitatu sasa. Tumeshazoea."

Dereva akakunja uso, akamtazama huyu, akamtazama yule. Karani akageukia dirishani kuhesabu pundamilia.

"Basi barua yote mtaisikia leo jioni," dereva akasema. "Si mtangazaji mwenyewe anakuja hotelini kwenu? Wanarusha moja kwa moja kutoka bwawani. Mshindi anasoma barua yake mwenyewe, nchi nzima inasikiliza."

Mama Povu alipiga makofi kama mtoto.

"Hatimaye! Siku nne namwomba anisomee, anasema anaona aibu! Saa ngapi, mdogo wangu?"

Karani alijua saa. Barua ya ratiba ilikuwa kwenye mkoba wake, imekunjwa mara nne. Saa kumi kamili.

"Saa kumi na moja," alisema.

Uongo haujawahi kuwa mtoto wa pekee, msomaji. Hudai mdogo wake azaliwe haraka.

*

Walipofika hotelini, mhudumu aliwaletea juisi na taulo za kupangusa vumbi. Akainama mbele ya Karani. "Poleni sana na msiba," alisema kwa adabu. Mama Povu akaitikia tena. Akamnong'oneza mdogo wake, "Hoteli hii wana utu jamani. Wamejuaje?"

Kabla Karani hajapata la kujibu, simu yake iliita. Mume wake. Fundi mafriji, mzima wa afya, mwenye mwili wa kutosha watu wawili.

Karani alikimbilia nyuma ya minazi ya mapambo.

"Mke wangu," sauti ya fundi ilisema polepole, "naomba kuuliza. Hivi mimi nimekufa lini?"

"Nini?"

"Nipo karakana. Tangu asubuhi redio inalitaja jina lako na ofisi yako, inasema wewe ni mjane. Jirani wa duka la vipuri amekuja kutoa pole ya msiba wangu, akanikuta juu ya stuli nakula mkate. Amekimbia na kiatu kimoja."

Siku nyingine Karani angecheka mpaka akae chini.

"Ile barua," fundi akaendelea, na utani ukamtoka. "Redio wamesoma kipande. Mchoraji wa mabango. Huyo si mimi. Huyo ni shemeji."

Karani alichungulia kati ya minazi kuona kama dada yake yuko karibu.

"Mke wangu. Hiyo barua ni ya nani?"

Karani alibandua gome la mnazi kwa ukucha. "Ya dada."

Fundi alipumua kwa nguvu hadi simu ikavuma.

"Anajua?"

"Bado."

"Basi mwambie wewe kabla redio haijamwambia. Sikiliza, mimi unaweza kuniua hata mara tatu, nitafufuka jioni nikiona chakula. Lakini dada yako ukimwibia mumewe aliyekwisha kufa, atabaki na nini?"

Simu ikakatika. Karani alibaki na kipande cha gome mkononi.

"Namwambia," alijisemea. "Namwambia leo. Namwambia sokoni."

*

Soko lilikuwa hatua chache kutoka getini: vibanda virefu vya mabati, vitambaa vimening'inizwa kama nguo za kuanika, vinyago, sabuni za kunukia, viatu vya ngozi, na wauzaji wenye ndimi zilizonolewa.

"Mama, karibu, kuangalia ni bure, kununua ni baraka!"

Mama Povu alikuwa ameamka mtu mwingine. Alishika kitambaa, akakisugua kwa dole gumba, akakinusa.

"Hiki kitachuja," alimwambia muuzaji.

"Hakichuji, mama! Hiki kinavaliwa na mke wa balozi!"

"Mwambie mke wa balozi afue peke yake, asichanganye na nyeupe. Mwanangu, mimi nimefua mashuka ya wagonjwa tangu wewe hujaota meno. Nionyeshe cha pili."

Wauzaji watatu wakacheka. Yule wa kwanza akacheka zaidi, akatoa cha chini ya meza, kizuri kweli, rangi ya bahari ya kina. Mama Povu akabishana naye, akaondoka, akaitwa, akarudi, akaondoka tena. Mwishowe muuzaji alinyoosha mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

"Chukua, mama. Umenishinda. Ila ukirudi kwenu usiwafundishe wengine."

Mama Povu akakikunjua kitambaa, akakitupia mabegani mwa Karani.

"Chako."

"Dada, hapana. Hizo pesa ulizoweka za kununua ki..."

"Nyamaza. Nimesema chako. Utakivaa ukisoma."

Kitambaa kilikuwa chepesi kama pumzi. Karani alikihisi kizito kama gunia la mchanga lililoloa.

Sasa, alijiambia. Sasa hivi.

Alimshika dada yake kiwiko, akamvuta nyuma ya kibanda cha vikapu, mahali hapakuwa na mtu isipokuwa paka aliyelala juu ya rundo la mifuniko.

"Dada, nina jambo."

"Na mimi ninalo," akasema Mama Povu. "Nianze mimi, kwa sababu likinikaa mpaka jioni nitashindwa kukutazama usoni."

Karani akakauka. Anajua!

Hakujua. Lilikuwa baya zaidi ya hilo.

"Ulipokuja kuniambia barua yako imeshinda," Mama Povu alisema, akikitazama kidole chake cha pete, "nilikukumbatia, si ndiyo? Nikapiga vigelegele. Ulipoondoka nilikwenda kazini, nikajifungia kwenye chumba cha mashuka machafu. Nikalia. Sikulia kwa furaha, mdogo wangu. Nililia kwa wivu. Nilisema, kwa nini yeye? Ana mume, ana kiti cha ofisi, ana kompyuta. Mimi nilikuwa na jambo moja tu la kusema duniani, nalo halikutosha."

"Dada..."

"Subiri nimalize. Nilikuonea kijicho wiki nzima. Hata zawadi hii nilitaka kuikataa. Halafu leo nimewaona wale tembo kwa sababu yako, na nikajiona mtu mdogo. Mdogo kabisa." Alimshika Karani mikono yote miwili. "Nisamehe, mdogo wangu. Nisamehe kwa moyo mmoja."

Paka akanyanyuka, akajinyoosha, akawaacha.

Hapa ndipo penyewe, msomaji. Mlango ulikuwa wazi, hauna komeo. Neno moja tu lilitakiwa. Karani alifungua kinywa, akaliona neno lenyewe limekaa ulimini, na akaiona sura ya dada yake, jinsi itakavyovunjika.

"Nimekusamehe," alisema.

Naam. Ndivyo alivyosema. Aliyeiba akamsamehe aliyeibiwa.

Mama Povu alimkumbatia. "Sasa sema la kwako."

"Nilitaka kukwambia tu," Karani alisema, "kuna masaji imelipiwa kwenye zawadi. Nimekuwekea nafasi. Saa kumi."

*

Saa tisa na nusu mtangazaji alifika na gari la redio lenye mlingoti juu ya paa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani mikubwa na mikono isiyotulia.

"Mjane wangu!" alisema, akamkumbatia Karani kabla ya salamu. "Umewaliza watu, unajua? Studio nzima. Fundi mitambo wetu hajawahi kulia tangu aoe."

"Naomba," Karani alisema, "naomba nisisome."

"Utasoma."

"Sauti yangu mbaya. Soma wewe."

"Mimi nimesoma kipande. Watu wanakutaka wewe." Mtangazaji alimwekea mkono begani, sauti ikashuka. "Najua inauma. Wewe soma tu kama unamsomea yeye, marehemu. Anakusikiliza."

Ni kweli, Karani aliwaza. Anasikiliza, na anajua si mimi.

Alitazama ng'ambo ya bwawa. Kibanda cha masaji kilikuwa mbali, mwisho wa bustani, kimezibwa kwa mikeka na maua ya kutambaa. Alikuwa amemwona dada yake akiingia, akinung'unika kwamba mtu mzima hakandwi kama unga wa mkate. Saa nzima, mkandaji alikuwa ameahidi. Ndani kuna utulivu, hamna kelele hata ya nzi.

Saa nzima ilitosha. Atasoma, wataondoka, na saa kumi na moja atamwambia dada yake kwamba mitambo iliharibika. Kesho wanarudi nyumbani. Mambo yatakwisha.

Lakini nani kamwambia Karani kwamba spika za hoteli ziko bwawani peke yake?

Wageni walikusanyika na bilauri zao. Watoto wakatolewa majini. Taa nyekundu ikawaka.

"Wasikilizaji, ni saa kumi kamili, na hapa ninaye yeye mwenyewe..."

Makofi. Karatasi ikawekwa mikononi mwa Karani. Alivuta kitambaa cha rangi ya bahari mabegani, akaanza.

"Mume wangu alikuwa mchoraji wa mabango, na katika maisha yake yote alichora tembo kumi na tisa. Alimchora kwenye duka la rangi, kwenye kiwanda cha matofali, na kwenye lori la mchanga. Wateja walimtaka tembo kwa sababu tembo hachoki. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwona hata mmoja. Kila mwaka tulisema tutakwenda mwaka kesho."

Mama mmoja kwenye kiti cha kujilaza alivua miwani ya jua akajipangusa.

"Tuliishi kwenye huo mwaka kesho muda mrefu sana," Karani alisoma. Sauti yake iliruka. Ilikuwa barua nzuri, msomaji, na uzuri wake ndio uliomnyonga. "Siku aliyofariki alikuwa juu ya ngazi..."

Akanyanyua macho kupumua.

Kutoka mwisho wa bustani, kwenye njia ya mawe, dada yake alikuwa anakuja.

Amejifunga taulo jeupe la hoteli kifuani. Mabega yanang'aa mafuta. Miguu mitupu. Nyuma yake mkandaji anakimbia na kandambili mkononi, "Mama, mama, hatujamaliza!" Mama Povu hakimbii. Anatembea kama mtu aliyeitwa kwa jina. Juu ya mlango wa kibanda cha masaji, kati ya maua ya kutambaa, spika ndogo nyeusi ilikuwa inarudisha sauti ya Karani, neno kwa neno.

Karani alinyamaza.

Sekunde moja. Mbili. Redioni sekunde tatu za kimya ni msiba. Hizi zilifika sita.

"Endelea," mtangazaji alinong'ona.

Karani aliishusha karatasi.

Mama Povu alikuwa amefika ukingoni mwa bwawa, upande wa pili wa maji. Watu waligeuka wakamtazama, mwanamke mzima kwa taulo. Hakumtazama yeyote ila mdogo wake. Kisha, bila kipaza sauti, bila karatasi, aliendelea pale pale mwenzake alipokomea.

"Siku aliyofariki alikuwa juu ya ngazi, anamalizia tembo wa ishirini. Alikuwa amebakiza mguu mmoja wa nyuma. Moyo ulisimama akiwa na brashi mkononi. Mwenye duka amekataa kumwita mchoraji mwingine, na tembo yule anasimama kwa miguu mitatu mpaka leo."

Mtangazaji alikuwa amezunguka bwawa mbio, waya unaburutwa nyuma yake, akamwekea Mama Povu kipaza sauti mdomoni.

"Nikipata safari hii, sitatazama pembe wala masikio. Nitatazama mguu wa nyuma unavyoinuka na unavyokanyaga, ili kila siku nikipita chini ya lile bango nimweleze."

Mtangazaji ndiye aliyepata ulimi kwanza.

"Mama... wewe ni nani?"

Karani alifumba macho. Sema, dada. Niumbue. Nimechoka.

"Mimi ni dada yake," Mama Povu alisema.

"Na maneno haya umeyajuaje kwa moyo?"

Mama Povu aliiweka vizuri ncha ya taulo.

"Nilikuwepo yalipoandikwa."

Makofi yalilipuka kama mvua juu ya mabati. Watu walisimama. Mama wa miwani ya jua alikuja kumkumbatia Karani, akamlilia shingoni, kitambaa kikalowa.

"Si yangu!" Karani alisema. "Barua si ya..."

"...na tunarudi baada ya matangazo!" mtangazaji alipaza sauti, na spika zote zikaanza kuimba sifa za unga wa kufulia.

Karani alipochomoka mikononi mwa watu, njia ya mawe ilikuwa na nyayo za mafuta tu.

*

Mama Povu alikuwa chumbani, ameshavaa gauni lake la safari, anafunga vifungo kuanzia chini kwenda juu. Hakugeuka.

"Mbona hukunisema?" Karani aliuliza kutoka mlangoni. "Ungenisema!"

"Mama yupo nyumbani ameweka redio sikioni. Ametuzaa wawili. Nikuvue nguo mbele ya nchi nzima, naye anasikia?"

"Dada, nisamehe."

"Usiharakishe. Msamaha wa leo ulishatumika. Mimi nilikuomba sokoni, nyuma ya vikapu. Nakumbuka nilikushika mikono." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hicho ndicho kilichomtia Karani baridi. "Wewe ukalipokea ombi langu. Ukaniambia umenisamehe."

Karani aliteleza ukutani mpaka sakafuni, akilia.

"Nilitaka kusema. Nilikuwa nataka kusema, dada, wallahi, neno lilikuwa mdomoni."

"Kwa nini uliandika jina lako?"

"Sijui. Ilikuwa nzuri. Kazini kila siku nachapa maneno ya watu wengine, hakuna siku mtu alisoma nilichochapa akauliza nani kaandika. Nikasema mara moja tu. Nikasema hata ikishinda nitakuchukua, utafurahi, itakuwa ni yale yale."

"Yale yale," Mama Povu alirudia.

Alifunga kifungo cha mwisho. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu aingie, si kwa hasira, bali kama anavyotazama shuka lenye doa asilolijua limetokana na nini.

"Nilipokuwa nimelala pale kwenye kibanda, nasikia maneno yangu juu ya kichwa changu, unajua niliwaza nini? Sikuwaza barua hii. Niliwaza karatasi zangu zote. Tangu uajiriwe, ni wewe unayenichapia. Fomu za mafao ya marehemu. Barua za shule." Alinyoosha shuka la kitanda kwa kiganja. "Na ile ya kazi."

Karani aliacha kulia. Aliacha ghafla, kama bomba lililofungwa, na Mama Povu aliliona hilo.

"Ile nafasi ya msimamizi wa chumba cha kufulia," dada aliendelea taratibu, "hospitali kubwa ya mji wa pili. Mwaka juzi. Nilikupa vyeti vyangu ndani ya bahasha ya kaki. Nilingoja mwaka mzima. Nilipiga simu, wakaniambia jina langu hawana. Wewe ukaniambia, dada, usijisumbue, kazi siku hizi zinapeanwa kwa kujuana. Nimewachukia watu wa ofisi ile, mdogo wangu. Nimewalaani kwenye sala."

Feni ya juu ilizunguka.

"Uliipeleka?"

Uongo ulikuja wenyewe, umeshavaa, umeshachana nywele, uko tayari kutoka. Karani aliutazama. Halafu akatikisa kichwa.

"Sikuipeleka."

"Iko wapi?"

"Droo ya chini. Ofisini."

"Kwa nini?"

"Ungehama." Sauti ya Karani ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyevunja sahani. "Ungehamia kule. Ningebaki na mama peke yangu. Na dawa zake, na usiku wake. Niliogopa. Nikasema nitaipeleka wiki ijayo. Kila wiki nikasema hivyo, mpaka siku ya mwisho ikapita."

Alingoja kofi. Angelishukuru. Halikuja. Mama Povu alikaa na mikono yake juu ya magoti, mikono iliyobabuka kwa dawa za kufulia, viganja juu, kana kwamba kuna mtu alikuwa amemwahidi atamwekea kitu pale.

"Barua ya tembo ningekuachia," alisema mwishowe. "Bwawani nilishakuachia. Nilikuja kwenye chumba hiki nikiwa nimekwisha kukuachia."

Akasimama. Akapita juu ya miguu ya mdogo wake bila kuigusa, akafungua mlango.

"Dada! Unakwenda wapi?"

Mlango ulijifunga polepole, kwa adabu, kama milango ya hoteli inavyojifunga.

Karani alibaki sakafuni muda asioujua. Kisha wazo likampiga, akaruka, akakimbilia kibarazani, akashika ukuta kwa mikono yote miwili.

Chini, bwawa lilikuwa limejaa tena watoto. Wageni walikuwa wanacheka. Mwisho wa maegesho, mafundi walikuwa wanakunja waya, na gari la redio lilikuwa bado na mlingoti wake juu.

Mama Povu alikuwa anavuka maegesho. Gauni lake la safari, mgongo wima, wala hakutazama nyuma.

"Dada!" Karani alipiga kelele. Muziki ukaimeza sauti yake.

Mama Povu aligonga kioo cha gari. Mtangazaji akachungulia, akatabasamu, akafungua mlango. Walizungumza maneno mawili, matatu. Tabasamu la mtangazaji likayeyuka. Alimshika Mama Povu mkono, akamvuta ndani, akageuka kuwapigia mafundi kelele waache kukunja waya.

Mlango wa gari ukafungwa.

Kisha muziki wa bwawani ukakatika katikati ya wimbo, na spika zote za hoteli zikakohoa kwa pamoja.